Feza na udongo wa komini: nani anaamua Kolwezi, na raia anaweza kuuliza nini?

Mvua ikinyesha Kolwezi, mifereji inajaa takataka na maji yanaingia paka ndani ya lupango. Watu wanauliza: «Komini inafanya nini na feza yetu?» Swali hilo ni la haki, lakini mara nyingi linabaki mdomoni, kwa sababu wengi hawajui ni biro gani inaamua, kwa mukanda gani, na kwa feza ya wapi. Habari hii inaeleza mambo hayo moja moja, kwa wakaaji wa Kolwezi na wa sehemu zingine za shaba.

Nani anaamua?

Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa majimbo ine mwaka 2015. Mji uko na komini mbili: Dilala na Manika. Kufuatana na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, mji, komini, sekta na usultani ni maeneo yenye kujitawala. Katika mabiro wanayaita ETD. Kila eneo liko na bajeti yake, na feza zake si feza za jimbo.

Sheria hiyo inataka komini ikuwe na baraza lililochaguliwa na wakaaji. Baraza ndilo linapitisha bajeti na kumwuliza bugumestri hesabu. Bugumestri anafanya kazi na msaidizi wake na maeshevini wawili. Kwa mji, meya iko na msaidizi na maeshevini watatu.

Lakini nchi yetu imeishi miaka mingi sana bila mabaraza hayo, na meya na mabugumestri wakiteuliwa na Rais wa Jamhuri. Tarehe 20 Desemba 2023, CENI ilipanga uchaguzi wa wajumbe wa komini, lakini katika sehemu tu ya komini za nchi. Pale ambapo baraza halifanye kazi, mwenye kupanga matumizi ndiye mwenye kuruhusu malipo. Hapo macho ya wakaaji yanakuwa na uzito zaidi.

Hapa kwetu kuna pia zoezi la zamani. Kwa miaka mingi Union Minière, kisha Gécamines, ndiyo ilijenga nyumba, ilitengeneza njia, ilisomesha watoto na kutunza wagonjwa. Kampuni ilipoanguka katika miaka ya 1990, mizigo mingi ilibaki bila mwenyewe. Watu wengi bado wanangojea kampuni ifanye, wakati sheria imepatia komini kazi ya kutengeneza njia ndogo, masoko, taa za njiani na usafi.

Feza inatoka wapi?

Kwanza kuna taksi ndogo ndogo: soko, parkingi, mikanda ya eta sivili. Ya pili, maeneo haya yako na haki ya 40% ya ile sehemu ya feza za taifa inayopewa majimbo.

Ya tatu, ambayo kwetu ndiyo kubwa, ni redevansi ya madini. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaigawa hivi: 50% kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa jimbo, 15% kwa eneo ambamo mugodi uko, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mugodi ukigusa maeneo mawili, yanagawana.

Tupige hesabu. Kampuni ikiuzisha shaba ya dola 10,000, redevansi ni 3.5%, ni kusema dola 350. Hapo eneo linapata dola 52 na senti 50. Kobalti iliwekwa katika madini ya lazima kabisa mwisho wa 2018, kwa hiyo inalipiwa 10%. Kwa kobalti ya dola 10,000, redevansi ni dola 1,000, na eneo linapata 150. Sasa fikiri idadi ya malori yanayopita kila siku kuelekea Kasumbalesa.

Sheria inasema feza hiyo ni ya kujenga vitu vya msingi kwa faida ya jamii: shule, vituo vya afya, maji, njia, mifereji. Si ya kulipa safari, wala ya kununua motokari ya kiongozi. Kuna pia 0.3% ya mauzo ambayo kila kampuni ya mugodi inapaswa kutoa kwa maendeleo ya jamii. Hiyo iko na kamati yake ya pekee. Usiichanganye na feza ya komini.

Feza inatoka namna gani?

Tuseme komini inataka kununua lori la takataka. Malipo yanapita hatua ine. Kwanza komini inajifunga kununua, na feza inatengwa kwenye bajeti. Ya pili, wanahakikisha kama kitu kimefika kweli na bei ni ile ile. Ya tatu, bugumestri anatia sahihi ya kuruhusu malipo. Mwisho, mwenye sanduku analipa. Hatua ya pili ndiyo inarukwa kwa urahisi. Pale inaporukwa, lori linaonekana kwenye mikanda na haliko njiani.

Kwa kazi kubwa, sheria ya tarehe 27 Aprili 2010 inataka mashindano ya wazi kati ya makampuni. Kumpa mtu mmoja kazi bila mashindano kunaruhusiwa, lakini ni kwa sababu maalum zilizoandikwa.

Na udongo?

Hapa ndipo watu wanapoteza zaidi. Kufuatana na sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali, na mtu anapewa haki ya kuutumia. Bugumestri hauzishe udongo, na shefu wa kartie pia hapana. Karatasi zao zinaonyesha kama unakaa pale, lakini cheti cha kweli ni sertifika inayotolewa na konservateri wa vyeti vya udongo.

Kiwanja cha shule, soko, uwanja wa mpira, kando ya njia: hiyo ni mali ya watu wote. Sheria inakataza kuipatia mtu kabla haijaondolewa katika matumizi ya watu wote kwa mukanda rasmi. Basi ukiona mtu anapima uwanja wa watoto, uliza mukanda huo uko wapi. Usikawie, kwa sababu kwa kawaida sertifika ikipita miaka mbili, ni vigumu sana kuivunja. Unabaki na kesi ya kuomba malipo ya hasara, na uwanja umeenda.

Mara nyingine uamuzi unatoka juu ya komini. Kule Kasulo, kobalti ilionekana chini ya nyumba mwaka 2014, na watu wakaanza kuchimba ndani ya malupango. Mwaka 2017 jimbo lilifunga sehemu ya kartie kwa ajili ya kampuni moja ya kununua madini, na mamia ya familia wakahama. Katiba, sharti la 34, inasema mtu anaondolewa kwenye mali yake kwa faida ya wote tu, na anapaswa kulipwa kwa haki, mbele ya kuhama. Neno «mbele» ndilo la kushika.

Maswali ya kupeleka kwenye biro

Bajeti ya mwaka huu inasema nini juu ya kartie yetu? Komini ilipokea redevansi ya kiasi gani, na imejenga nini? Nani alishinda kazi ya mufereji, na kwa bei gani? Uwanja huu uliondolewa kwa mukanda wa namba gani, wa tarehe gani?

Peleka maswali kwa maandishi, na wakaaji wengi watie sahihi. Pigisha kashe na tarehe kwenye kopi yako, uitunze. Ikifika siku ya kwenda mbele ya jimbo ao tribinali, kopi hiyo ndiyo itaonyesha kama mliuliza mapema.