Dakika Tatu za Siti

Hapa Moshono taarabu utaisikia dukani, ndani ya daladala, au kwa jirani anayefua nguo. Wapigaji huwaoni. Sisi wa huku mlimani tumeuzoea muziki huo kama taarifa ya habari: unatoka kwenye spika, basi. Ndiyo maana mshikaji wangu mmoja akatamka, tena kwa kujiamini, kwamba ukiwa na rekodi safi kwenye simu huna haja ya kumwona mwimbaji. Ati ni kilekile.

Kilekile? Hebu turudi mwaka 1928.

Mwaka huo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay na wenzake, kina Subeit Ambar na Budda Swedi, wakarekodi santuri za HMV, zile zenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Zilikuwa miongoni mwa santuri za mwanzo za Kiswahili kuuzwa huku kwetu. Santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Sindano ikifika mwisho, wimbo umekwisha, upende usipende.

Nyumbani kwa Siti, Ng'ambo, mambo hayakwenda hivyo. Watu walikusanyika usiku kumsikiliza, na taarabu ya ana kwa ana haina haraka. Msikilizaji akiguswa huinuka akamtunza mwimbaji. Naye mwimbaji akiona ubeti umepata mwenyewe, huurudia. Tena beti zilitoka mtaani humohumo. Chukua wimbo wa "Kijiti": mwanamke mgeni kutoka bara aliuawa, muuaji akatoroka, kisha mahakama ikawafunga wanawake waliokuwa wenyeji wake. Jamani! Watu wa Ng'ambo hawakuhitaji kuelezwa nani ni nani. Aliyenunua santuri mbali na Unguja alipata sauti na maneno, lakini zile nyuso zilizoinama hakuzipata.

Hata hivyo nisimwonee mshikaji. Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, kitabu kizuri sana, lakini karatasi haiimbi. Bi Kidude alijifunza kwa kumsikiliza Siti mwenyewe, akaimba mpaka uzee wake mkubwa, naye akafariki Aprili 2013. Sasa kwa sisi tuliozaliwa juzi, anayetaka kumsikia Siti hana pengine pa kwenda isipokuwa kwenye zile dakika tatu, pamoja na mikwaruzo yake.

Nilikuwa namweleza hayo Jumamosi moja, yeye yuko na simu yake mkononi, anatafuta wimbo wa kunibishia. Ikapita harusi, matarumbeta yamepakiwa kwenye pikapu, ngoma inagonga hadi kifuani. Akazima simu, akakimbilia getini.