Mama Asiyetajwa: Makaburi ya Pwani na Wapenzi wa Riwaya za Kihistoria

Mnamo mwaka 1929, wafungwa waliokuwa wakichimba katika kilima cha Luzira, hapa Kampala, waliibua vipande vya sanamu ya udongo, kikiwemo kichwa cha mtu. Kichwa hicho kimehifadhiwa British Museum, London. Mpenzi wa riwaya za kihistoria akikitazama hukwama, kwani hakuna tarihi wala utenzi unaomweleza mwenye uso ule. Sura ipo, kisa hakipo.

Kwa Waswahili wa pwani mambo ni kinyume: kisa kilitangulia. Tarihi ya Kilwa, ambayo João de Barros aliichapisha kwa Kireno mwaka 1552, yasimulia jinsi Ali bin Hassan alivyotoka Shirazi akakinunua kisiwa kwa nguo. Wakati wa ukoloni masimulizi ya aina hii yalitumiwa kudai kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni. Baadaye wanahistoria wengi waliyakataa, wakasema "Ushirazi" ulikuwa dai la kujitafutia heshima tu.

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, katika sehemu kama Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa watafiti alikuwamo mwanaakiolojia Mkenya, Chapurukha Kusimba. Ilionekana kwamba uchanganyikaji wa damu ulianza yapata mwaka 1000. Upande wa kiume ulitoka zaidi Uajemi, na baadaye Arabuni. Upande wa kike ulikuwa wa Kiafrika karibu wote. (Tahadhari: wengi wa waliopimwa walizikwa penye heshima, karibu na misikiti. Mvuvi wa kawaida bado hatumjui.)

Basi tarihi ilimkumbuka baba, nayo haikukosea sana. Mama ndiye iliyemwacha gizani.

Ndugu msomaji, sisi walimu wa lugha tungeweza kumshuku mama huyo zamani. Bandari na nanga ni maneno yenye asili ya Kiajemi, nayo ni ya chomboni. Moto, maji, mwana, kula na kulala ni ya Kibantu. Mtoto alijifunza kusema penye mafiga, si gatini.

Riwaya zetu za kihistoria zimependa nyakati za karibu. Adam Shafi katika Kuli aliuendea mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Peponi ya Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, yaishia kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Riwaya ya Kiswahili inayoingia Kilwa ya miaka elfu moja iliyopita mimi binafsi sijakutana nayo, ingawa maswali yake yanasisimua kuliko vita. Je, mwanamke yule alitolewa pamoja na kisiwa, kama bidhaa? Au nyumba ilikuwa yake, na mgeni ndiye aliyehamia kwake akajifunza lugha ya wakweze? DNA yaonyesha nani alizaa na nani. Haionyeshi nani aliridhia.

Muhula ujao nakusudia kuwapa wanafunzi wangu wa utunzi kazi hiyo: kurasa mbili, Kilwa, jioni nguo zinapofunguliwa ufukweni. Msimulizi awe mama mkwe.