Bastola ya Silinda na Bastola ya Magazini: Historia ya Upendeleo

Neno bastola katika Kiswahili hujumlisha silaha mbili ambazo Kifaransa huzitenga. Moja ni ile ambayo risasi zake, tano au sita kwa kawaida, hulala katika silinda inayozunguka nyuma ya mtutu. Wafaransa huiita revolveri. Nyingine huwekewa risasi katika magazini, mara nyingi ndani ya kitako, na kila risasi inapolipuka, nguvu ya mlipuko huo hutupa nje ganda tupu na kuingiza risasi mpya mahali pake. Hiyo ndiyo pistoleti. Katika makala haya tutaziita bastola ya silinda na bastola ya magazini.

Kwa muda wa karne nzima maafisa wa majeshi, askari polisi na wakuu wao walibishana kwa ukali juu ya ipi kati ya hizo mbili ifaayo kubebwa kiunoni, na wako waliokufa kabla ya mabishano hayo kwisha. Sisi wa nchi hii hatuhitaji kufundishwa madhara ya silaha, na nia yetu si kuzisifu. Twataka kuonyesha kwamba aliyependelea moja kati ya hizo alikuwa akitaja, hata bila kukusudia, ile kasoro aliyoiogopa kuliko zote. Na kwamba aliijua kasoro hiyo kwa kuiona au kwa kufundishwa, mara chache kwa kuipima.

Tuzitazame kwanza kasoro zenyewe. Katika bastola ya silinda, risasi mbovu ikikataa kulipuka, mwenye silaha huvuta kifyatulio mara ya pili, silinda huzunguka, na risasi nyingine hushika zamu. Mkono mmoja watosha. Lakini risasi sita zikiisha, kuzirudishia moja moja ni kazi ngumu kwa vidole vinavyotetemeka. Katika bastola ya magazini, kujaza upya ni kutoa kisanduku kitupu na kutia kilichojaa, jambo la nukta chache tu. Hata hivyo kila risasi hapo yaitegemea ile iliyoitangulia: moja ikikataa, au ganda likikwama mlangoni, kazi yote husimama, na kwa kawaida yahitajika mikono miwili kuianzisha tena. Mwenye kuchagua alikuwa akijiuliza, basi, kama aogope kuishiwa au aogope kukwamiwa.

Mji ambamo chaguo hilo laonekana waziwazi ni Liège, kitovu cha utengenezaji wa silaha wa taifa lililotutawala. Mmarekani Samuel Colt alikwisha kupata hataza ya bastola yake ya silinda nchini mwake mwaka 1836. Miongo minne baadaye ndugu wawili wa Liège, Émile na Léon Nagant, walilitengenezea jeshi la Ubelgiji bastola ya aina hiyo iliyopokewa mwaka 1878, na mwaka 1895 Urusi nayo ikachukua bastola ya Nagant. Ile ya magazini ilichelewa kwa sababu ya baruti. Baruti nyeusi iliacha masizi mengi mno kwa mashine iliyotakiwa kujiendesha yenyewe, na njia haikufunguka sawasawa mpaka Mfaransa Paul Vieille alipopata baruti isiyo na moshi mwaka 1884. Mwaka 1897 John Browning, naye Mmarekani, alipatana na kiwanda cha Herstal, karibu kabisa na Liège, kilichoanzishwa mwaka 1889 ili kutengeneza bunduki za Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Mwaka 1900 jeshi hilo hilo lililokuwa na Nagant likaipokea bastola ya magazini ya Browning.

Mara nyingine sababu ya kupendelea ilikuwa ya mwili tu. Winston Churchill, afisa kijana wakati huo, alikwenda kwenye mapigano ya Omdurman nchini Sudani tarehe 2 Septemba 1898 na bega lililowahi kuteguka huko India. Hakuliamini kwa upanga. Alichukua bastola ya Mauser ya mwaka 1896, yenye risasi kumi, na katika shambulio la wapanda farasi hiyo ndiyo aliyoitumia.

Lakini kisa kinachotajwa kuliko vyote ni cha Wamarekani katika visiwa vya Ufilipino, nacho chastahili kusomwa polepole kwa kuwa wengi hukisoma vibaya. Mwaka 1892 jeshi la Marekani lilichukua bastola ya silinda ya Colt yenye risasi nyembamba, ya kipimo cha 38, yaani karibu milimeta tisa. Vita vya Ufilipino vilipoanza mwaka 1899, na hasa jeshi hilo lilipopambana na Wamoro wa kusini, maafisa walilalamika kwamba adui aliyepigwa risasi hiyo aliendelea kuja. Daktari wa jeshi Louis LaGarde aliandika habari za mfungwa mmoja wa kisiwa cha Samar aliyejaribu kutoroka mwaka 1905: alipigwa kwa karibu risasi nne za bastola hiyo, na kilichomwangusha hatimaye ni pigo la kitako cha bunduki. Mwaka 1904 LaGarde na afisa John Thompson walikuwa wamekwisha kujaribu risasi za vipimo mbalimbali juu ya maiti za watu, na juu ya ng'ombe hai katika machinjio ya Chicago. Majaribio yalikuwa ya kikatili, na mpangilio wake wa kisayansi ulikuwa dhaifu. Walihitimisha kwamba risasi ya vita isipungue kipimo cha 45, yaani milimeta kumi na moja na ushei.

Baada ya hapo yalifuata mashindano, na mwezi wa Machi 1911 bastola ya magazini aliyoibuni Browning kwa kampuni ya Colt ilipigwa risasi 6,000 bila kukwama hata mara moja, huku mshindani wake, Savage, akikwama mara 37. Ikachaguliwa mwezi huo huo. Tangu hapo wapenzi wake husema: Ufilipino iliishinda silinda. Sivyo. Ufilipino ilihukumu unene wa risasi, haikuhukumu silinda, na ushahidi ni kwamba mwaka 1909 jeshi hilo lilipokea bastola mpya ya silinda yenye kipimo cha 45, ikapelekwa huko huko. Jaribio la 1911, kwa upande wake, lilijibu hofu ya kukwamiwa, hofu ya wapenzi wa silinda. Maswali mawili yalijibiwa kwa wakati mmoja, na kumbukumbu ya askari ikayafanya kuwa moja. Tena, Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 na bastola za magazini zikawa haba, viwanda vya Colt na Smith & Wesson viliagizwa kutengeneza bastola za silinda zinazotumia risasi ile ile ya 45; zilitengenezwa karibu 300,000. Watu wengi walibeba silinda vitani kwa kuwa ndiyo iliyopatikana, na upendeleo wao haukuulizwa.

Polisi wa Marekani walishikamana na silinda muda mrefu zaidi, kwa kuwa askari polisi hufyatua mara chache na huogopa zaidi silaha isiyolipuka au inayolipuka kwa bahati mbaya. Mwezi wa Aprili 1970, huko Newhall katika jimbo la California, askari polisi wanne wa barabarani waliuawa katika mapambano ya dakika chache, na tatizo la kujaza silinda moja moja likajadiliwa kila mahali. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, wapelelezi wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili. Wapelelezi wawili walikufa na watano walijeruhiwa. Mkasa huo ndio uliolisukuma shirika hilo kuiacha silinda. Ajabu ni kwamba risasi zilizomaliza mapambano zilitoka katika bastola ya silinda, na ile iliyolaumiwa sana katika uchunguzi, risasi ya milimeta tisa iliyosimama kabla ya kufika moyoni, ilitoka katika bastola ya magazini. Mzozo wa Ufilipino ukaanza upya: FBI ilitafuta risasi kubwa zaidi, kisha miaka kama thelathini baadaye ikarudi kwenye milimeta tisa. Polisi wa New York walipoikubali bastola ya magazini mwaka 1993, waliiwekea kifyatulio kizito kuliko cha kawaida, ili kidole kilichozoea silinda kisiifyatue bila kutaka. Silaha ilibadilika, hofu ya wakubwa ikabaki ile ile.

Turudi sasa kwenye hati zetu. Mwanafunzi anayefasiri maandishi ya Kifaransa ya wakati wa Dola Huru la Kongo, akiandika bastola kila mahali, anafuta alama ya tarehe. Katika vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola hilo na Waarabu na Waswahili wa Maniema, wakati Nyangwe na Kasongo zilipotekwa mwaka 1893, afisa Mbelgiji hakuweza kuwa na bastola ya Browning, ilikuwa haijatengenezwa. Masimulizi ya vita hivyo yakimpa magazini kiunoni, sehemu hiyo imeongezwa na msimulizi wa baadaye. Aidha, bastola ya Herstal iitwayo GP, yenye risasi 13 katika magazini, haikutokea kabla ya 1935, basi shahidi anayesema afisa alifyatua mara kumi na zaidi bila kujaza, naye asimulia ya miaka ya 1910, ahojiwe tena.

Kwa hati za Kifaransa, nashauri tofauti ya maneno ihifadhiwe katika tafsiri. Kwa ushuhuda wa mdomo neno litakuwa bastola tu, na hapo mhoji amwulize mzee: yule bwana alipomaliza risasi, alitia nyingine moja moja, au alichomoa kisanduku kitakoni?