Mtoto Akiuliza Habari za Vita



Yoshua aliagiza mawe 12 yatolewe Yordani na kusimamishwa, ili watoto watakapouliza maana yake, wazee wawe na jibu. Sisi wa Mata na Taveta tunayo mawe yetu pia. Tukisafiri kwenda Voi, watoto hukiona kilima cha Salaita. Na pale Taveta huyaona makaburi ya askari. Wakiuliza, tutajibu nini?

Tusiseme tu, "Hayo yalikuwa mambo ya Wazungu." Tuwaeleze kwamba mnamo Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaitwaa Taveta, na Waingereza wakajenga reli kutoka Voi ili kuleta majeshi. Tarehe 12 Februari 1916, askari wa Afrika Kusini waliishambulia Salaita wakarudishwa nyuma. Waliowakinga walikuwa Wabaluchi wa jeshi la India, ambao wengi wa askari hao walikuwa wakiwadharau kwa ajili ya rangi yao. Hapo mtoto atajifunza jambo kuhusu kiburi.

Lakini tusiishie kwa wenye bunduki. Reli ilipokoma, mizigo ilichukuliwa kichwani. Ndipo lilipotoka neno Kariakoo, yaani kikosi cha wachukuzi. Zaidi ya 40,000 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Na mwaka 1915 watu wa Kasigau, wakishukiwa kuwasaidia Wajerumani, walihamishwa hadi Malindi, na wengi walifia huko. Hao nao walikuwa watu wetu.

Mtoto mdogo tusimtishe kwa habari za damu. Yatosha ajue kwamba watu waliteseka, na kwamba Mungu aliwaona. Aliye mkubwa tumpeleke makaburini, asome majina, kisha tumwulize: ni nani hayumo hapa? Turudi naye nyumbani, tuwaulize wazee jina la babu aliyechukua mizigo, na mtoto aliandike katika daftari lake. Tusimfundishe kumchukia Mjerumani wala Mwingereza. Tumfundishe kutomsahau mtu kwa sababu tu hakuandikwa jiweni.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unayemjua kila mmoja kwa jina lake, utupe kusema kweli mbele ya watoto wetu. Amina.