Bendera, 1965: Damu Kando ya Mto Kyimbi

Kaskazini ya Kalemie, ndani kidogo kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, uko mji wa Bendera kwenye mto Kyimbi. Mtambo wa umeme uliojengwa hapo zama za Wabelgiji ndio unaoipatia Kalemie umeme; wakati huo Kalemie ikiitwa Albertville. Mwaka 1965 mtambo huo ulilindwa na jeshi la serikali ya Kongo pamoja na mamluki wa kizungu, na waliopigana huko walipaita Front de Force.

Waliotaka kupateka walikuwa waasi wa mashariki, wafuasi wa Lumumba, na walikuwa na wageni. Aprili 24 mwaka huo kundi la kwanza la Wacuba lilikuwa limevuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kibamba, serikali ya Tanzania ikijua. Kazi yao ilikuwa kufundisha na kushauri. Walipewa majina ya Kiswahili, mengi yakiwa ya hesabu: Víctor Dreke akawa Moja, na mkuu wao halisi, Che Guevara, akawa Tatu ili asijulikane.

Agizo la kushambulia Bendera lilitoka kwa Laurent Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi, ambaye mwenyewe hakuwepo mstari wa mbele. Che aliona ni heri kuanza na Katenga, kituo kidogo zaidi, na aliomba aende vitani. Hakuruhusiwa. Dreke ndiye aliyeongoza, akiwa na Wacuba wapatao 40 na wapiganaji wapatao 160, wengi wao Wanyarwanda waliokimbia kwao na kukusanyika chini ya Mundandi, mtu aliyepata mafunzo China.

Mashambulizi yalianza Juni 29, na mambo yakaharibika mapema. Wapiganaji kadhaa walikuwa wametoroka hata kabla ya risasi ya kwanza. Wengine walifyatua mfululizo mpaka magazini zikaisha, kisha wakarudi nyuma. Si haki kuwaita waoga. Walipelekwa kuivamia ngome yenye silaha nzito kwa mafunzo ya wiki chache, wengi wakiitegemea dawa waliyopewa na mganga, na baada ya kipigo mganga huyo ndiye aliyebebeshwa lawama. Ushujaa wa Wacuba nao haukuwa wa kujionyesha: mkufunzi angeweza kubaki kambini, lakini wao waliingia motoni pamoja na wale waliowafundisha, katika vita ambavyo kiongozi wao alivishuku tangu mwanzo.

Wacuba wanne hawakurudi. Norberto Pío Pichardo, aliyejulikana kama Inne, alikufa hapo, na Wagner Moro pia, aliyekuwa amepewa jina la Kawawa. Wengine wawili walikuwa Víctor Ballester na Crisógenes Vinajera.

Kabla ya safari waliambiwa wasichukue chochote kitakachowatambulisha. Mmoja alibeba mkoba, na ndani yake mlikuwa na shajara. Jeshi la serikali likaiokota kwenye maiti. Siri iliyofichwa kwa miezi miwili ikafichuka: sasa serikali ya Léopoldville na Wamarekani walijua kwamba Wacuba wako Kongo.

Upande wa Wanyarwanda walikufa wasiopungua 14. Majina ya Wacuba wanne yanasomeka kwenye vitabu vya historia ya Cuba, lakini ya hao 14 ni vigumu kuyapata mahali popote, ilhali walilala kwenye udongo uleule, siku ileile. Anayeandika historia ya Bendera anadaiwa na watu wa pande zote za ziwa deni la kuyatafuta majina hayo, maana wazee waliowapokea wakimbizi hao au kupigana pamoja nao wanazidi kupungua.

Novemba 21 mwaka huohuo, wakiwa wameshindwa, Wacuba waliobaki walivuka tena ziwa kwenda Kigoma. Che alikaa Dar es Salaam, ndani ya ubalozi wa Cuba, akiandika simulizi ya kushindwa kwao bila kujitetea. Dreke aliendelea na kazi ileile Guinea-Bissau, akiwashauri wapiganaji wa Amílcar Cabral dhidi ya Wareno, na safari hii vita hivyo vilimalizika kwa uhuru.