Saratani ya mfuko wa uzazi inapotembea katika ukoo

Mwanamke aliyekoma hedhi mwaka mzima au zaidi akiona damu tena, hata tone, asiseme hedhi imerudi. Hedhi iliyokoma hairudi. Mara nyingi chanzo si saratani, lakini ni lazima achunguzwe.

Ukuta wa ndani ni upi?

Ni utando unaofunika mfuko wa uzazi kwa ndani, ambao hujengeka na kutoka kila mwezi kama hedhi. Saratani yake si ile ya mlango wa kizazi, ambayo kwa kawaida husababishwa na kirusi cha HPV. Hivyo msikilizaji, kama ulipimwa mlango wa kizazi kwa kupakwa siki na ukaambiwa uko salama, ukuta wa ndani bado haujapimwa.

Urithi unaingiaje?

Mwaka 1895 huko Michigan, Marekani, fundi wa nguo alimwambia Dkt. Aldred Warthin kuwa atakufa kwa saratani kama ndugu zake. Ikawa hivyo: alifariki kwa saratani ya mfuko wa uzazi. Leo hali hiyo inaitwa Lynch, kwa jina la daktari aliyeichunguza miaka ya 1960.

Chanzo ni hitilafu katika jeni za MLH1, MSH2, MSH6 au PMS2, ambazo kazi yake ni kurekebisha makosa seli zinapogawanyika. Kwa jeni tatu za kwanza, wanawake takriban 35 hadi 50 kati ya 100 hupata saratani hii kufikia miaka 75. Kwa PMS2 ni kama 13. Saratani ya utumbo mpana nayo huwapata, wanaume kwa wanawake.

Kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, iwe kwa mama au kwa baba. Kwa hiyo ulizia na upande wa baba.

Ufanye nini?

Misibani tunasikia, "Shangazi alikufa kwa tumbo." Uliza: tumbo gani, na akiwa na umri gani? Ndugu wawili au watatu wenye saratani ya utumbo au mfuko wa uzazi, hasa kabla ya miaka 50, ni jambo la kumweleza daktari.

Dalili nyingine ni damu katikati ya mwezi au hedhi nzito kuliko kawaida. Ukiwa Tukuyu, anzia Hospitali ya Wilaya, Makandana. Ikihitajika utapewa rufaa kwenda Mbeya. Ukuta huangaliwa kwa altrasaundi, lakini jibu la uhakika hutokana na kinyama kidogo kinachopimwa maabara.

Mwenye jeni hizo hushauriwa kujadili uchunguzi wa mara kwa mara kuanzia miaka 30 hadi 35, na akishamaliza kuzaa, kuondoa kizazi. Ikigunduliwa mapema, saratani hii mara nyingi hupona kwa upasuaji. Usisubiri damu iishe yenyewe.