Miaka mitano ya kivinjari kimoja

Agosti 2001 Microsoft ilitoa toleo la sita la Internet Explorer. Toleo la saba lilitoka Oktoba 2006. Katikati hapo dunia ilipita kwenye intaneti kwa mlango mmoja, na mwenye mlango hakuona sababu ya kuupaka hata rangi.

Awali haikuwa hivyo. Netscape Navigator iliteka soko tangu mwishoni mwa 1994. Microsoft ikajibu Agosti 1995, na hadi mwisho wa 1997 ilikuwa imetoa matoleo manne. Tusiipambe enzi hiyo. Kila upande ulijibunia amri zake, na watengeneza tovuti wakabaki wakiandika ukurasa mmoja mara mbili. Lakini kazi ilikuwa ikisonga.

Mbio hizo hazikuamuliwa na ubora peke yake. Explorer ilitolewa bure ikiwa imefungwa ndani ya Windows, mfumo uliokuwa kwenye kompyuta nyingi kuliko mingine yote. Serikali ya Marekani ilishtaki Mei 1998. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba Microsoft ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, ingawa ilitengua amri ya kuigawa kampuni vipande viwili. Wakati huo Netscape ilikwishauzwa kwa AOL na wateja wake wamehama. Sheria ilifika msibani siku ya kuanua matanga.

Mwaka 2003 Microsoft ilisema hakutakuwa tena na Explorer ya kujitegemea: anayetaka mpya angoje Windows mpya. Juni 2004 wahalifu walipenyeza msimbo kwenye tovuti za watu wengine, na aliyezifungua kwa Explorer aliambukizwa bila kubofya chochote. Kitengo cha usalama wa kompyuta cha serikali ya Marekani kikataja, miongoni mwa tahadhari, kutumia kivinjari kingine. Kipi, kwa wengi ambao hawakuwahi kukisikia kingine?

Kisa kinachonisikitisha zaidi ni cha Korea Kusini. Marekani ilibana uuzaji nje wa usimbaji imara, kwa hiyo Wakorea wakabuni wao, SEED, mwaka 1998. Vivinjari havikuufahamu. Benki zikautia kwa ActiveX, teknolojia ya Microsoft iliyoruhusu tovuti kuendesha programu ndani ya kompyuta ya mgeni. Uamuzi ulikuwa na akili wakati ule. Ila ActiveX ilifanya kazi ndani ya Explorer tu, na taifa lenye intaneti ya kasi ya kuonewa wivu likazoea kubofya “kubali” kila programu ngeni ilipobisha hodi. Hadhi ya pekee ya vyeti vya kidijitali vilivyojengwa juu ya utaratibu huo ilifutwa kisheria Desemba 2020.

Firefox 1.0 ilitoka tarehe 9 Novemba 2004, ikiwa na vichupo ambavyo Explorer haikuwa navyo. Februari 2005, miezi mitatu tu baadaye, Bill Gates alitangaza kwamba Explorer 7 inakuja, na haitangoja Windows mpya. Watetezi wa Microsoft husema ilikuwa imebanwa na kazi ya usalama, na kweli Agosti 2004 ilitoa maboresho makubwa ya Windows XP. Siwabishii. Nauliza tu mbona nafasi ya vichupo ilipatikana ghafla hivyo.

Machi 2011 Microsoft yenyewe ilifungua tovuti ya kuwasihi watu waachane na toleo la sita. Ofisi nyingi zilikataa: mifumo yao ya ndani haikuweza kufunguka kwa kingine.